Sura ya Nne: Njia Ipo, Kazi Yako Kuiunganisha

"Mimi napenda kutembea, lakini nitembee wapi?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote. Huliuliza mwalimu aliyehamia wilaya mpya, mstaafu aliyeshauriwa na daktari aache kushinda kitini, kijana wa mjini aliyechoka kuzunguka uwanja wa mpira kila Jumamosi. Wote wana miguu na wana nia. Wanachotafuta ni kibao chenye mshale, na kibao hicho hawakioni.

Uingereza vibao hivyo vipo hata katikati ya mashamba. Njia za miguu za umma zinalindwa na sheria na zimechorwa kwenye ramani zinazouzwa madukani. Kwetu, njia zenye alama ziko zaidi ndani ya hifadhi, kama ile ya Marangu inayopanda Kilimanjaro. Ukitoka nje ya hifadhi hukuti kibao, na mtu wa mjini huona basi, hakuna njia.

Njia zipo, tena nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuzimaliza. Panda Usambara Magharibi, simama popote juu ya mji wa Lushoto na utazame mlima wa ng'ambo. Utaona vijia vyekundu vinavyokata mashamba ya mahindi na maharage, vinashuka bondeni, vinapanda tena hadi kwenye mabati ya kitongoji kingine. Kila kimoja kina wenyewe wanaokipita kila siku. Ambacho hakijafanyika ni kuviunganisha kwa ajili ya mtu anayetembea kwa kutaka kutembea tu. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, na sura hii inaeleza namna ya kuifanya.

Mfano wangu mkuu utakuwa Lushoto. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa yake inamruhusu mtu kutembea hata mchana, vijiji viko karibu karibu, na gari la kutoka Mombo linakufikisha kwa barabara ya lami ya kilomita zipatazo 33. Lakini utaratibu wenyewe ni uleule ukiwa Uluguru, Upareni, Rungwe au Taita.

Kwanza jua unakwenda wapi

Wengi huanza kwa kufungua ramani na kutafuta mstari mrefu unaopendeza. Mimi nashauri uanze na mahali pa kufika, na mahali hapo pawe na sababu ya kufikiwa: ukingo wa mlima wenye kuona mbali, maporomoko ya maji, msikiti au kanisa la zamani, soko la siku moja kwa wiki. Mtu mwenye mahali pa kufika huvumilia mwinuko, na wenyeji humwelewa. Ukisema "ninakwenda Irente kutazama bonde," kila mtu atakuelekeza. Ukisema "ninatembea tu," utaanza kuulizwa kama umepotea au unatafuta shamba la kununua.

Ningekuwa wewe, mara ya kwanza ningechagua soko kuliko kilele. Soko lina faida tatu kwa mpigo. Siku ya soko njia zote zinazoelekea huko zina watu, kwa hiyo hupotei na huwi peke yako. Kuna chai, chapati na matunda, kwa hiyo hubebi chakula kingi. Na jioni kuna magari na bodaboda, kwa hiyo miguu ikigoma una namna ya kurudi. Kila soko la mlimani lina siku zake. Siku hizo waulize wenye magenge mjini, maana wao ndio wanaokwenda huko kununua kabichi, karoti na fyulisi.

Ukishajua mahali pa kufika, chagua umbo la njia. Yako matatu:

- Kwenda na kurudi kwa njia ileile. Ni rahisi kuipanga, na wakati wa kurudi unaijua.
- Duara. Unaanzia na kumalizia mahali pamoja bila kurudia hatua zako. Inataka maandalizi zaidi, lakini ndiyo inayopendeza kuliko zote.
- Moja kwa moja. Unaanzia hapa, unamalizia kule, unarudi kwa gari. Hapa lazima ujue gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Mfano wa umbo hili la mwisho ni safari maarufu ya siku kadhaa inayotoka Lushoto, inapita Magamba, Lukozi na Rangwi, hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima ukingoni kabisa, kinachotazama tambarare za Mkomazi. Ni safari nzuri mno, lakini usianze nayo. Anza na mwendo wa nusu siku.

Nani aliikanyaga njia hii?

Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ya sura hii. Njia ya miguu haikujitokeza yenyewe. Kuna mtu aliyeikanyaga kwanza, wakamfuata wengine, na wote walikuwa na shughuli. Ukiijua shughuli hiyo utajua njia inaelekea wapi, ina mwinuko gani na inaishia wapi, hata kabla ya kumwuliza mtu.

Chukua njia ya sokoni. Walioitengeneza ni watu wenye mizigo, na Usambara wengi wao ni akina mama wenye tenga au kiroba kichwani. Mwenye kilo 20 kichwani haendi mrama. Hapandi mlima kwa kuukabili uso kwa uso. Huuzunguka, hupanda kwa mshazari, hutafuta mahali mgongo wa mlima ulipoinama. Ndiyo maana njia ya sokoni ni pana kidogo, imekanyagika hadi ikang'aa, na kila baada ya mwinuko mkali ina mahali pa kutulia: jiwe la kukalia, kivuli cha mti, ukingo ulio sawa na bega ambapo mzigo huegeshwa bila kumwita mtu wa kukutua. Ukiviona vituo hivyo jua uko kwenye njia kuu. Ifuate. Huwezi kupata mpimaji wa mwinuko aliye bora kuliko shingo ya mama huyo.

Njia ya watoto wa shule ni kinyume chake. Mtoto hana mzigo zaidi ya begi la madaftari na anachelewa mstarini. Kwa hiyo hukata kona. Barabara ya gari ikizunguka mlima kwa kona nne, njia ya watoto hushuka wima katikati ya kona zote nne. Ni fupi, ina vidato vilivyochimbwa kwa visigino, na mvua ikinyesha hugeuka utelezi wa udongo mwekundu. Nzuri ya kupandia asubuhi ukiwa na nguvu. Kuishukia jioni, magoti yakiwa yamechoka, sikushauri.

Njia ya maji huwadanganya wageni kuliko zote, kwa sababu inaanza vizuri. Inatoka katikati ya nyumba, pana, safi, na inashuka kwa uhakika kama inayokwenda mbali. Dakika kumi baadaye uko kwenye chemchemi au kijito chenye ndoo za njano, na hakuna kinachoendelea mbele. Alama yake ni michirizi ya maji yaliyomwagika na ukweli kwamba unaokutana nao wote wana madumu. Kama wote wanaopanda wamebeba maji na wote wanaoshuka wana madumu matupu, unakwenda kisimani.

Njia ya kuni huingia msituni ikiwa moja, ikagawanyika mbili, zile mbili nne, kila moja ikizidi kuwa nyembamba, mpaka unajikuta umesimama kwenye majani usiyojua ulipitia wapi. Ukiona njia inagawanyika mara kwa mara bila tawi moja kuwa kubwa kuliko mengine, geuka. Njia inayovuka msitu kwenda upande wa pili haifanyi hivyo, hubaki moja. Njia za ng'ombe na mbuzi nazo hufanana na hizi za kuni, ila hutawanyika kwenye nyasi na kukutana tena penye maji au zizini.

Na ya shambani huishia shambani. Hutambulika kwa jinsi inavyopita juu ya matuta, yaani kingo zilizojengwa kukata mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuta hizo za udongo na majani ni kazi ya mikono ya miaka. Ukikanyaga ukingo wake unabomoka, na masika yajayo maji yatapita hapo hapo. Ukijikuta juu ya tuta, ujue umeacha njia ya watu wote na umeingia kwa mtu.

*Kwa ufupi:* fuata njia ya mzigo, tumia ya watoto kwa kupandia, na zile za maji, kuni na shamba zitazame kama matawi yanayoishia njiani, labda mwenyeji akuambie vingine.

Ramani ya karatasi na ramani ya simu

Ukiwa nyumbani, kabla hujavaa viatu, unaweza kufanya nusu ya kazi.

Ramani ya topografia ni ramani inayoonyesha sura ya nchi: milima, mabonde, mito, barabara na makazi. Kwa Tanzania zipo karatasi za skeli ya 1:50,000, zinazotolewa na serikali kupitia wizara ya ardhi. Skeli ni uwiano kati ya ramani na ardhi. Kwenye ramani hii sentimita 2 ni sawa na kilomita 1. Inatosha kwa mtembea kwa miguu. Ramani ya watalii inayoonyesha mkoa mzima kwenye ukurasa mmoja haitoshi.

Kitu cha thamani zaidi kwenye karatasi hiyo ni mistari ya kontua, ile ya rangi ya kahawia inayopinda pinda. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ukitembea juu ya mstari mmoja, hupandi wala hushuki. Mistari ikibanana, mlima ni mkali. Ikiachana, ni tambarare au mteremko mpole. Na mistari inapokunjika kama herufi V, angalia ncha ya V imeelekea wapi. Ikielekea juu mlimani, hapo ni bonde na huenda pana kijito. Ikielekea chini, hapo ni mgongo wa mlima. Mwanafunzi wa sekondari anayajua haya kwa ajili ya mtihani. Jifunze kuyatumia kwa ajili ya magoti yako.

Hesabu mistari ambayo njia yako itaivuka. Kama kila mstari ni mita 20, na mara nyingi ndivyo ilivyo kwenye skeli hii (pambizo la ramani litakuambia), ukivuka mistari 15 ukipanda, umepanda mita 300. Iandike namba hiyo. Tutaihitaji.

Udhaifu wa karatasi ni umri. Milima haihami, lakini njia huhama: shule mpya hujengwa, daraja huchukuliwa na maji, barabara hukatwa. Hapo ndipo simu inapokamilisha. Programu kama Organic Maps na OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Hata sisi tuna mkono humo. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walizunguka mitaa inayokumbwa na mafuriko wakiingiza vichochoro, mifereji na nyumba kwenye ramani hiyo. Walichofanya wao mitaani ndicho utakachokifanya wewe mlimani.

Pakua ramani ya eneo ukiwa na mtandao. Ukifika mlimani, simu itakuonyesha ulipo hata bila bando, kwa sababu GPS, yaani mfumo wa kujua mahali kwa msaada wa satelaiti, haihitaji mtandao wa simu. Inahitaji chaji tu, na kuona anga.

Kisha fungua picha ya satelaiti. Vijia vya udongo huonekana kama nyuzi za kahawia kati ya mashamba. Vidoa vyeupe vinavyomeremeta ni mabati. Mstari wa miti minene bondeni ni kijito. Chora kwa mkono unavyodhani nyuzi hizo zinaungana. Ndani ya msitu hutaona kitu kwa sababu matawi yanafunika, na hapo usibuni. Acha pengo, uende ukaulize.

Kwa programu zinazokuchorea njia zenyewe, ukibonyeza tu mwanzo na mwisho, nina neno moja: usiziamini mlimani. Hazijui kwamba kijia fulani kimelimwa mahindi tangu vuli iliyopita.

Kuuliza njia ili ujibiwe

Watu wa vijijini watakusaidia kuliko ramani yoyote, lakini swali lako ndilo linaloamua ubora wa jibu. Kuna adabu yake na kuna ufundi wake.

Adabu ni salamu. Usimpigie mtu kelele kutoka upande wa pili wa bonde ukiuliza njia. Sogea, simama, msalimie: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Watokea wapi?" "Natokea mjini. Poleni na kazi." "Asante. Nawe pole na safari." Hapo ndipo swali linapoingia. Ukijifunza salamu ya Kisambaa kwa mwenyeji wako usiku uliotangulia, mlango unafunguka zaidi, na mara nyingi utaongozwa hatua mia mbili za kwanza bila kuomba.

Ufundi uko katika namna ya kuuliza. Usiulize, "Njia hii inakwenda Irente?" Mtu mwema hapendi kukukatisha tamaa, na karibu kila njia mlimani inaweza kufika Irente ukizunguka vya kutosha. Atasema ndiyo. Uliza, "Njia hii inakwenda wapi?" Akitaja Irente bila wewe kuitaja, amini. Vilevile usiulize, "Ni mbali?" Jibu ni "hapo tu," na hapo tu ya mtu aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa saa nzima yako. Uliza, "Mama, wewe ukitoka hapa saa mbili asubuhi na mzigo wa kabichi, unafika saa ngapi?" Atafikiri, atatazama jua, atakupa saa ya kweli. Mwendo wake akiwa na mzigo ni kama wako bila mzigo.

Mwulize pia kuhusu mvua na kuhusu wanyama wa kufugwa: kijito kinavukika? Kuna mbwa wakali nyumba ile? Kisha mwulize mtu wa pili, mbele kidogo, swali lilelile. Majibu yakipatana, endelea. Yakitofautiana, mwulize wa tatu.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliandika kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa lugha nyepesi, kila mita 100 za kupanda ni dakika 10 za ziada.

Tuijaribu. Umechora duara la kilomita 12, na kwa kuhesabu kontua umeona utapanda jumla ya mita 600. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24. Kupanda ni saa 1. Jumla saa 3 na dakika 24. Lakini Naismith alikuwa mtu mwenye mazoezi na hakuweka humo mapumziko. Yeye hakusimama kusalimiana na kila aliyekutana naye, na wewe lazima usimame. Ongeza nusu nzima ya muda huo. Sasa una saa 5 na dakika chache, na hiyo ndiyo siku yako ya kweli.

Sasa iweke kwenye saa za jua. Lushoto iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo hivi jioni, mwaka mzima, na giza hufuata upesi, upesi zaidi bondeni na chini ya miti. Panga kumaliza saa kumi jioni, upate akiba ya saa mbili. Kama mwendo ni wa saa tano, ondoka kabla ya saa tano asubuhi. Mimi ningeondoka saa moja, kabla ukungu haujainuka wote na wakati watoto bado wako njiani kwenda shule.

Weka pia saa ya kugeuka. Ni saa ambayo, ikifika, unarudi hata kama unakiona kilele. Ichague nyumbani, iandike kwenye karatasi, umwambie mwenzako. Watu hawapatwi na giza kwa sababu ya kutojua njia, wengi wao wanapatwa kwa sababu ya "dakika kumi tu." Na mwachie mtu wa mjini maelezo ya unakopita na saa ya kurudi, maana mtandao hukatika kwenye mabonde. Usiende peke yako kwenye njia usiyoijua. Kwa mwanamke, na hata kwa mwanamume, mwenzi wa njiani ndiye kinga ya kwanza.

Ardhi ina wenyewe

Nchi yetu haina sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea popote apendapo. Ina watu wenye ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Njia ya miguu inayotumiwa na wote haina mgogoro, na mtembeaji mmoja hahitaji barua. Lakini kama utaleta kikundi, au utarudi mara kwa mara, au utaalika wageni, pita kwenye ofisi ya kijiji, umwone mtendaji au mwenyekiti, ujieleze. Mbele ya safari kutakuwa na mtu atakayeuliza "mmeruhusiwa na nani?", na utakuwa na jibu.

Msitu wa hifadhi ni habari nyingine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, yenye eneo la zaidi ya hekta 9,000 na mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya vichwa, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Huingii kwa kuona kijia kimefunguka. Unapata kibali, unalipa kiingilio, unaongozwa na mtu anayeijua. Wakala una ofisi Lushoto. Pita hapo siku moja kabla. Kiongozi huyo usimhesabu kama gharama. Ndiye atakayekuonyesha njia ipi inavuka msitu na ipi ni ya kuni, na mara nyingine utapata vya kutosha kwake kuchora duara jingine zima.

Kuna pia vimisitu vidogo katikati ya mashamba ambavyo havijakatwa ilhali kila kilichovizunguka kimelimwa. Usidhani vimesahauliwa. Vingi ni mahali pa matambiko, na makaburi ya wazee yanaweza kuwa humo. Pitisha njia yako kando, usiingie wala kupiga picha bila kuongea na wenyewe. Vivyo hivyo usipitishe njia uani kwa mtu, hata kama watoto wa shule hupita hapo. Wao ni wa hapo.

Majira

Kwa kifupi: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Usambara hunyesha hata nje ya miezi hiyo. Udongo mwekundu ukilowa haupandiki kwa raba za mjini. Njia inayovuka kijito kwa mawe mwezi wa Februari inaweza kukosa kabisa pa kuvukia Aprili, kwa hiyo kila njia iwe na toleo la kiangazi na la mvua. Juni na Julai ukungu hufunika mabonde na baridi huingia mifupani. Kimo kikipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, ndiyo sababu unaondoka Mombo ukitoka jasho na kushuka Lushoto ukitafuta sweta. Ndani ya msitu baada ya mvua, siafu huvuka njia kwa misafara. Ingiza suruali ndani ya soksi, ruka, usisimame kuwatazama.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuunganishe yote kwa Irente, ukingo wa mlima ulio mwendo wa asubuhi moja kutoka Lushoto mjini. Mlima unakatika ghafla, na chini yako, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu kwa safu, barabara kuu ya Arusha na tambarare isiyo na mwisho.

Barabara ya vumbi inakwenda huko kupitia Yoghoi, na wageni wengi huifuata yote, kwenda na kurudi, wakila vumbi la bodaboda. Iweke barabara hiyo kama uti wa mgongo wa mpango wako, si kama njia yenyewe. Kwenye picha ya satelaiti tafuta vijia vinavyotoka barabarani na kurudi barabarani mbele. Kila kimoja ni mkato wa mtu. Asubuhi vipande ambako watoto wanapanda, panda nao. Ukifika kwenye shamba la Irente, wanakotengeneza mkate na jibini, pumzika. Kutoka hapo hadi ukingoni si mwendo mrefu.

Kurudi, usirudie. Kaa ukingoni na utazame nyuma, upande wa mashamba: ni mgongo gani wa mlima unaoelekea mjini, na ni kijia gani kilichokanyagika juu yake? Mwulize wa kwanza mwenye mzigo, "Njia hii inakwenda wapi?" Ikiwa ni ya sokoni itakurudisha mjini kwa mteremko mpole, na duara limefungwa. Ikiwa umefika saa yako ya kugeuka na hujapata jibu la uhakika, barabara ipo palepale. Irudie, na siku nyingine anza duara kutoka upande wa pili.

Kuiandika

Njia ambayo haijaandikwa itakufa na kumbukumbu yako. Simu inaweza kurekodi mwendo wako wote kama faili la GPX, yaani orodha ya sehemu ulizopita ambayo simu ya mtu mwingine inaweza kuifungua na kuifuata. Rekodi, lakini usiishie hapo, kwa sababu faili halijui kwamba pale penye mkuyu lazima ugeuke kushoto kabla ya nyumba ya bati la bluu.

Andika kwa maneno. Taja vitu visivyohama: jiwe kubwa, shule, daraja, msikiti, kona ya barabara. Mti unaweza kukatwa na duka kubadili rangi, kwa hiyo visiwe alama pekee. Kwenye kila njiapanda andika tawi la kufuata na pia tawi la kuacha, na kwa nini: "acha la kulia, linashuka kisimani." Andika maji ya kunywa yako wapi, sehemu ya kukatiza na kupata gari iko wapi, kiongozi wa kijiji ni nani kwa cheo chake. Jina la mtu binafsi na picha ya nyumba yake usiviweke bila ridhaa yake.

Juu kabisa weka tarehe na hali ya hewa ya siku uliyotembea. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kufika huko, aitembee akiwa na karatasi yako mkononi na wewe ukiwa nyuma yake hatua ishirini, ukiwa umefunga mdomo. Kila mahali atakaposimama na kutazama huku na huku ndipo pa kuandika upya.